Sirua Alipotulia

Binti yangu Neema ameleta mbwa nyumbani. Amepewa na rafiki yake wa shule hapa hapa Ganako, kitoto cha rangi ya mchanga, sikio moja limesimama, jingine limelala. Hatulii hata kidogo. Anamrukia anayeingia na anayetoka, anarukia kuku, anarukia kanga zilizoanikwa kwenye kamba. Juzi mvua ilinyesha, akanirukia nikiwa nimevaa gauni la kanisani, akaniachia nyayo mbili za matope kifuani. Neema akacheka, kisha akaniuliza kwa ile imani ya watoto kwamba mama anajua kila kitu: mbwa anafundishwaje kutulia?

Nilimjibu kwamba sijui. Nilidanganya, maana kazi hiyo naijua kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na niliijua nikiwa na umri wake ule ule. Lakini mbwa alikuwa amelowa, jikoni kuni zilikuwa zinafuka, na harufu ya manyoya mabichi ikachanganyika na moshi. Nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa na gauni langu chafu, nikalia mbele ya mtoto. Baba yangu, ambaye siku hizi anaishi na sisi kwa sababu ya magoti yake, alikuwa barazani anapukuchua maharage. Aliniona.

Wenzangu mliokulia huko juu Nainokanoka mnaijua harufu hiyo. Asubuhi ukungu unashuka kutoka mlima Olmoti, unalowesha ng'ombe, mashuka na mbwa, halafu wote mnakwenda kukaukia kwenye moshi wa mwerezi katika nyumba ya bibi. Bibi yetu tulimwita Koko, kama mabibi wengi wa Kimaasai wanavyoitwa. Alikuwa mama yake Baba. Nyumba yake ilikuwa ya kwanza ukiingia langoni mwa boma letu, kwa hiyo mbwa wote walilala kwake na kumtii yeye, ingawa Baba alisema ni mbwa wake.

Sirua alizaliwa humo, nyuma ya kitanda cha Koko, na jina alipewa na Koko mwenyewe. Sirua kwa Kimaa ni pofu, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala anayevuka uzio bila hata kujikusanya. Mbwa huyu aliruka tangu macho yake hayajafumbuka vizuri. Alipokua, ikawa taabu. Wakati wa kukamua alijitosa katikati ya ng'ombe kwa furaha tu, ng'ombe wakarusha mateke, na kibuyu cha mama yangu kikamwagika. Ndama wakifunguliwa, aliwatimua kila upande. Hakuwa na ubaya hata chembe. Furaha ilimzidi, na kwenye boma furaha ya namna hiyo haina kazi.

Siku moja alikuja mzee mmoja wa rika la Baba, mtu na heshima zake. Kabla hajatoa salamu, Sirua alishamlaza chini pamoja na fimbo yake. Mzee hakuumia, alicheka hata. Baba hakucheka. Mgeni alipoondoka aliniita, maana kila mtu alijua mimi na yule mbwa ni chanda na pete, akaniambia bila kupandisha sauti kwamba Sirua akimwangusha mtu mwingine, au akimwaga maziwa tena, atampiga rungu moja la kichwa na habari itaishia hapo. Baba alikuwa mtu wa neno moja. Nilimwogopa kuliko nilivyoogopa fisi.

Nilikimbilia kwa Koko nikilia. Hakunibembeleza. Aliniagiza kwanza nipenge kamasi, kisha akasema, "Mbwa hasikii maneno yako. Anasikia pumzi yako. Ukitaka atulie, tulia wewe kwanza."

Basi nikaanza kazi, na niliifanya msimu mzima wa mvua. Kila alfajiri nilimpeleka mlimani, tukakimbia mpaka ulimi wake ukaning'inia, ndipo nikamrudisha bomani wakati wa kukamua, akiwa amechoka. Nilimtandikia kipande cha blanketi langu mlangoni kwa Koko, nikamzoesha kulala hapo. Akinirukia, sikumpiga wala sikumkemea. Nilimgeuzia mgongo, nikatazama vilima, nikahesabu pumzi zangu mpaka nikasikia miguu yake yote minne iko chini. Hapo ndipo nilipogeuka. Niligundua peke yangu kwamba mbwa anayeruka anachotaka ni uso wako, na ukimnyima uso anaanza kufikiri.

Halafu nikamfundisha salamu. Sisi watoto wa Kimaasai hatumkimbilii mtu mzima kumpa mkono. Tunamwendea tumeinamisha kichwa, tunangoja atuguse utosini, na hiyo ndiyo salamu. Nilimshushia Sirua kiganja, chini kabisa, karibu na magoti yangu. Akitaka kuguswa ilibidi ainamishe kichwa ili kiingie chini ya mkono. Akiruka, mkono unaondoka. Akiinama, anaguswa, anapewa na chakula. Alielewa haraka kuliko nilivyotegemea, na baada ya muda akawa anamwendea mtu yeyote wa boma kichwa chini, mwili mzima ukitetemeka kwa hamu ya kuruka, lakini hafanyi hivyo.

Boma zima lilicheka. Mama alisema mbwa ana adabu kuliko kaka zangu. Baba alisema ni upuuzi kumsalimia mbwa kama mtoto wa mtu, lakini rungu lake lilibaki mlangoni. Koko peke yake hakucheka. Kila asubuhi alitoka akiwa amejitanda shuka lake, Sirua akamwendea kichwa chini, naye akaweka mkono utosini kwa mbwa taratibu, kama alivyoniwekea mimi. Sijawahi kujivunia kitu maishani kama nilivyojivunia asubuhi zile.

Kisha wakaja wachanjaji wa mbwa. Walitandika vifaa vyao karibu na maduka, na watu wakatakiwa kuwapeleka mbwa wao wote wakachomwe sindano ya kichaa cha mbwa. Kaka zangu waliwapeleka mbwa wetu wengine wawili, wale wa machungani, asubuhi na mapema. Baba akasema Sirua nitampeleka mimi nikitoka shule, kwa kuwa ndiye mwalimu wake. Alisema kwa utani, lakini mimi nilisikia cheo.

Pale madukani palikuwa na mbwa wengi kuliko Sirua alivyowahi kuona tangu azaliwe. Nilifanya yote niliyojua. Nilitulia mimi kwanza, nikavuta pumzi, nikamshushia kiganja, na kwa kitambo kidogo akainamisha kichwa kweli katikati ya makelele yale. Halafu mbwa mmoja akabweka nyuma yetu, na kazi yangu ya msimu mzima ikaisha. Kamba ilinichuna viganja. Aliruka juu ya meza, kasha la barafu likaanguka na chupa za dawa zikasambaa kwenye mavi ya mbuzi. Mchanjaji akanishika bega, akaniuliza baba yangu ni nani.

Swali hilo ndilo lililonikimbiza. Nilijikwanyua, nikaokota kamba, nikakimbia na Sirua mpaka nyuma ya kilima. Yeye aliona ni mchezo. Nilikaa pale nikifikiria rungu la mlangoni. Mbwa waliochanjwa walikuwa wanafungwa utepe mwekundu shingoni ili wajulikane, na Sirua angerudi nyumbani shingo tupu. Baba angeuliza, ningesema, na Sirua angekufa jioni ile ile.

Nyumbani kulikuwa na shuka jekundu la Baba lililochakaa, ambalo tulilitumia kuwafunika ndama waliozaliwa wakati wa baridi. Niling'ata pindo lake kwa meno, nikachana ukanda wa upana wa vidole viwili, nikamfunga Sirua shingoni kwa fundo tunalofungia ndama. Jioni Baba alirudi, akamtazama mbwa, akautazama ule ukanda kwa mbali. "Kumbe aliweza kutulia," akasema. Sikumbuki sifa nyingine niliyopata kwa Baba utotoni. Ile moja niliipata kwa uongo, na niliila kwa raha zote.

Kiangazi kilipokolea, bweha mmoja alikuja mpaka karibu na zizi mchana kweupe. Sirua alimkimbiza, wakang'atana kidogo, akarudi na mchubuko mdomoni. Niliuosha kwa maji ya chumvi, ukapona, tukasahau.

Haukupita muda mrefu, Sirua akatulia.

Alitulia kweli kweli. Asubuhi hakuomba kwenda mlimani. Ng'ombe walikamuliwa yeye amelala kwenye blanketi, hakuinua hata sikio. Ndama walimpita puani. Alikuja mgeni, mtu wa kelele nyingi, Sirua akamtazama tu. Nilimwambia kila mtu. Nilimwambia mama, nikawaambia kaka zangu, nikamwambia hata mwalimu shuleni, kwamba nimemtuliza mbwa aliyeshindikana. Alitembea kichwa chini kutwa nzima, hata pasipo na mtu wa kumsalimia, na mimi nilidhani ananisalimia mimi. Chakula hakugusa. Nikasema amejifunza kungoja. Nikikumbuka nilivyokuwa nimevimba kichwa siku zile, najichukia mpaka leo, na sitaki mtu aniambie kwamba nilikuwa mtoto.

Siku ya tatu Koko alitoka nyumbani mwake. Sirua alimwendea akipepesuka, kichwa chini, na Koko akaweka mkono utosini kama kawaida. Ndipo alipoona taya limelegea na mate yanachuruzika. Akasema huyu ana mfupa kooni, nimshike. Nilipiga magoti, nikamkumbatia Sirua kifuani, nikatuliza pumzi yangu kama nilivyofundishwa, naye akatulia mikononi mwangu. Koko akaingiza mkono mdomoni mwake mpaka nyuma ya ulimi, akapapasa, akautoa. Hakukuwa na mfupa. Jino lilikuwa limemkwaruza kidole, kidonda kidogo kama cha mwiba wa mgunga. Alikifuta kwenye shuka. Mimi ndiye niliyemshikia mbwa.

Mama hakupenda kile kidonda. Alimlazimisha Koko kwenda zahanati, nami nikaenda nao kumshikia Koko fimbo. Muuguzi alikuwa dada mmoja kutoka upande wa Mbulu, mpole, mwenye Kiswahili cha taratibu. Alisafisha kidole kwa sabuni muda mrefu, kisha akauliza kama mbwa alichanjwa. "Kama hajachanjwa, huyu bibi aende Karatu leo hii akachomwe sindano," alisema. "Asilale hapa." Mama akajibu amechanjwa, utepe anao shingoni. Muuguzi akashusha pumzi, akafunga bandeji.

Nilikuwa nimesimama pale pale, na fimbo mkononi. Nilisikia kila neno. Nitawaambia nilichofikiri, ingawa hakinisafishi. Shuleni tulifundishwa kwamba mbwa mwenye kichaa anakimbia ovyo, anang'ata miti na watu. Mbwa wangu alikuwa ametulia kuliko mbwa wote wa Nainokanoka. Nikajiambia mbwa aliyetulia hivi hawezi kuwa mgonjwa, na kwamba nikisema habari ya ukanda, Baba atamuua bure. Basi nikanyamaza, nikamrudisha Koko nyumbani, yeye akinitania kwamba nimekuwa bubu.

Kesho yake mchana Sirua alikufa mlangoni kwa Koko, juu ya blanketi langu. Baba alimburuta nje ya boma. Sikuthubutu kufuata.

Mwezi uliandama mara mbili. Koko alikamua, alishona shanga, alinisuta kwa uvivu kama siku zote. Kisha asubuhi moja alilalamika kwamba kidole kinawasha mpaka begani. Baada ya siku chache mama alimpelekea chai ya maziwa, akaipeleka mdomoni, na koo lake likakataa. Alijaribu tena, mwili mzima ukaruka. Kikombe kikianza kusogea alikuwa anaomba kiondolewe, yeye aliyekuwa anakunywa chai tangu kuche. Upepo wa mlangoni ulimshtua. Huyu ndiye aliyenifundisha kutulia, na hakuweza kutulia. Nililala kando yake nikavuta pumzi polepole ili azisikie, na hazikumsaidia kitu.

Baba alipata gari la mwenye duka, tukamteremsha kupitia ukingo wa kreta hadi Karatu, mimi nikiwa nyuma nimemshika mkono kwa sababu hakutaka kuuachia. Pale hospitalini daktari alimtazama, akamwita Baba nje, akamuuliza kama aliumwa na mbwa, na mbwa huyo alikuwa wa namna gani. Nilisimama mlangoni. Baba alinitazama. Kisha akamwambia daktari, "Mbwa wetu ni wengi. Sijui ni yupi." Koko hakurudi Nainokanoka akiwa hai.

Hakuna aliyeniuliza kitu, si siku ya maziko wala baadaye. Mama alikufa akiamini ni bahati mbaya. Nimekaa na jambo hilo miaka yote hii peke yangu, nimeolewa nalo, nimezaa nalo. Mficha maradhi kilio humfichua, tunasema, lakini mimi kilio kilipita na hakikunifichua.

Juzi, pale kwenye ndoo, Baba alinyanyuka kwa taabu, akaja akasimama mlangoni mwa jiko, akaniuliza ninalia nini. Nilimtuma Neema dukani. Halafu nikamwambia yote. Nilimwambia habari ya kasha la barafu, ya mchanjaji, ya pindo la shuka, na ya muuguzi. Nilisema huku nimeinamisha kichwa, mwanamke mzima na mtoto wangu, nikingoja sijui nini.

Baba akasema, "Ule ukanda niliufungua mimi. Ulikuwa wa shuka langu la ndama. Fundo lilikuwa lako."

Sikuelewa mara moja. Nilimuuliza aliufungua lini.

"Siku aliyokufa mbwa. Nilipomtoa nje."

"Koko alikuwa bado mzima."

"Alikuwa mzima."

"Na mama alishakwambia maneno ya muuguzi."

Alitikisa kichwa kukubali. Nikamuuliza kwa nini hakusema, kwa nini hakumpeleka Karatu siku ile ile. Alitazama mikono yake, akasema kidonda kilikuwa kidogo, akasema alidhani labda ni mfupa kweli. Mwisho akasema, "Ningesema, watu wangekuitaje maisha yako yote?"

Alidhani ananipa zawadi. Nilimwona usoni kwamba anadhani hivyo, na kwamba alikuwa ameitunza miaka yote akingoja siku ya kunipa. Alinyoosha mkono aniguse utosini. Nikanyanyuka kutoka kwenye ndoo, nikaenda kuanika gauni. Mimi nilikuwa mtoto mwoga wa rungu lake. Yeye alikuwa mtu mzima, Koko ni mama yake, siku zilikuwepo tele, na aliziacha zikapita moja moja ili jina langu lisichafuke. Nilikuwa nimezoea kujichukia mwenyewe, nilishajua namna ya kuishi na hilo. Hili jipya sijui nilitue wapi.

Jana mimi na Neema tulimpeleka mbwa kuchanjwa. Aliruka njia nzima, akaruka kwenye foleni, akamrukia mchanjaji. Neema aliona aibu, akataka nimtulize kwanza. Nilimwambia amkumbatie hivyo hivyo anavyohangaika, na mimi nikashika miguu, nikaitazama sindano mpaka ilipoingia na mpaka ilipotoka. Kadi yake nimeiweka kabatini pamoja na vyeti vya ubatizo.

Leo asubuhi Baba alitoka barazani kuota jua. Mbwa akamvamia kwa furaha, akampiga magotini, na Baba akayumba mpaka akashika nguzo. Akaniita. Aliniambia nimfundishe huyu mbwa kutulia, kama nilivyomfundisha yule, kabla hajamwangusha mtu.

"Mwache aruke, Baba," nikamwambia. "Wewe shika fimbo yako vizuri."